Maji ya Luvua na Visima vya Isaka



Tunapotembelea makanisa ya vijijini katika jimbo letu la Tanganyika, tunaulizwa mara nyingi: "Mchungaji, Piana-Mwanga itawaka lini tena?" Ni swali la haki. Kiwanda hicho cha umeme kilijengwa kwenye mto Luvua katika miaka ya 1930 na kampuni ya Géomines, ili kuendesha machimbo ya bati ya Manono. Vita iliyoanza 1998 ilikinyamazisha. Sasa kinatajwa tena kwa sababu ya litiamu.

Tuombe kifufuliwe. Lakini tukumbuke kwamba kilijengwa kwa ajili ya mgodi. Hata kikiwaka, waya hautafika upesi kwa mama anayejifungua usiku kwa mwanga wa tochi, mbali na mji. Huyo tufanye nini naye?

Ipo njia ndogo. Maji ya kijito huchepushwa kwa mtaro, hupita penye chujio la takataka, kisha hushuka ndani ya bomba na kuzungusha turbini. Lita 100 kwa sekunde zikianguka mita 10 hutoa takribani kilowati 5. Zinatosha taa za chumba cha kuzalia, friji ya chanjo na simu za kijiji. Kule Mutwanga, Kivu ya Kaskazini, maji yanayoshuka kutoka milima ya Ruwenzori, yenye baridi na theluji kileleni, yamewasha nyumba tangu kituo kidogo kilipofunguliwa mwaka 2013, na baadaye yakaendesha kiwanda cha sabuni.

Kabla ya kuchangisha fedha, tupime maji mwishoni mwa kiangazi, si wakati wa mvua. Tukubaliane na chifu juu ya ardhi ya mtaro, na juu ya miti ya chemchemi isikatwe. Tufundishe vijana wawili wa kusafisha chujio na kutia grisi. Na kila nyumba ilipe kidogo kila mwezi, hata nyumba ya mchungaji, hesabu isomwe mbele ya watu wote. Bila fedha hizo, siku bearingi itakapovunjika mashine itakuwa chuma kikuukuu.

Katika Mwanzo 26, Isaka alifukua visima vya baba yake vilivyofukiwa. Wengine walipogombania maji, hakukaa kulia kisimani. Alisogea, akachimba kingine, hata akapata nafasi, akakiita Rehobothi.

Piana-Mwanga ni kisima cha kale, na wakubwa wanakigombania. Sisi tusikae tukingoja mwisho wa ugomvi huo. Jumapili hii, baada ya ibada, wazee wa kila kanisa wajiulize: kijito chetu kiko wapi, na kiangazi kinabaki na maji kiasi gani?

Bwana awabariki.