Mzizi wa Kijaluo Katika Kinywa cha Mdigo

Muhula uliopita nilialikwa na walimu wa Kiswahili wa shule moja ya sekondari karibu na Msambweni nizungumze na kidato cha nne juu ya isimujamii. Sehemu hiyo, kama ajuavyo kila mtahiniwa, ina alama 10 katika karatasi ya pili, nao walimu walitaka nieleze kuchanganya ndimi kwa mfano utakaobaki vichwani hadi siku ya mtihani. Nikaandika ubaoni neno moja tu: unbwogable. Darasa zima likalitambua, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa lilipobuniwa. Nilipouliza ni neno la lugha gani, wengi walisema Kiingereza, wachache wakasema Sheng, na kijana mmoja wa nyuma, kwa kusitasita, akasema ni la Raila.

Marehemu Raila Odinga alilitumia sana, hilo silikatai, lakini hakulibuni yeye. Wenye neno ni vijana wawili waliofoka kwa jina la Gidi Gidi Maji Maji: Joseph Ogidi Oyoo, ndiye Gidi Gidi, na Julius Owino, ndiye Maji Maji. Hawakuwa wa kwanza kuuingiza muziki wa kufoka katika lugha zetu. Hardstone alikwisha kuoanisha Kikuyu na Kiingereza katika wimbo wake Uhiki, Kalamashaka wa Dandora walikuwa wametoa Tafsiri Hii kwa Kiswahili cha mitaani, na marehemu Poxi Presha, aliyefariki mwaka 2005, alifoka kwa Kijaluo na watu wakacheza hata kama hawakuelewa. Zama hizo kijana wa Kenya aliyetaka kuonekana mfokaji wa kweli aliiga lafudhi ya New York, na redioni Kiingereza ndicho kilichopewa kiti cha mbele. Gidi Gidi na Maji Maji waliingia jukwaani na wimbo Ting' Badi Malo, yaani inua mkono wako juu, kisha mwaka 2000 ikatoka albamu yao Ismarwa, iliyotengenezwa na Tedd Josiah. Ndani ya jina hilo la albamu limo neno marwa, ambalo kwa Kijaluo ni "yetu". Aliyekuwa na masikio alikwisha kusikia wanakoelekea.

Mwaka 2002 ndipo wakatoa ule wimbo. Hebu tulipasue neno lenyewe kama fundi apasuavyo mbao. Mbele pana un-, kiambishi cha Kiingereza cha kukanusha. Nyuma pana -able, kiambishi cha uwezekano, cha Kiingereza pia. Katikati pamekaa bwogo, kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya kutisha au kushtua. Kwa Kiswahili fasaha tungesema "asiyetishika", nasi tungekuwa tumesema sawa kabisa, ila hakuna mtu ambaye angesimama juu ya kiti kwa ajili ya neno hilo.

Mwanaisimu wa Marekani, Carol Myers-Scotton, ambaye alifanya sehemu kubwa ya utafiti wake humu nchini, alichapisha mwaka 1993 vitabu viwili juu ya jambo hili. Alidai kwamba lugha mbili zikikutana katika sentensi moja hazikai kwa usawa. Moja hutoa kiunzi, yaani viambishi na mpangilio, na nyingine huleta mizizi ya kujazia. Katika mazoea yetu kiunzi huwa cha Kiafrika na kujazia huwa kwa Kiingereza: mwanafunzi husema "nimefeli", na mchumba huandika "nimekumisi". Mtu aliyetawaliwa, kwa desturi, huazima mizizi ya bwana wake na kuivika viambishi vya nyumbani. Katika unbwogable mambo yamepinduliwa. Kiunzi ni cha Kiingereza, moyo ni wa Kijaluo. Kiingereza kimefanywa hamali, kimebeba mzigo ambao chenyewe hakijui ndani mna nini.

Hapo ndipo ilipo siri ya neno hilo kuenea, na sidhani siri hiyo imetajwa vya kutosha. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti. Mdigo, Mkamba au Mkikuyu hana pa kukishikia. Mizizi yake haifanani na ya Kibantu hata kidogo. Lakini kila mtoto wa Kenya aliyepita shuleni amefundishwa un- na -able, tena wengine kwa viboko. Msikilizaji wa Kwale alipolisikia neno, viambishi vilikwisha kumwambia kila kitu isipokuwa kitu kimoja: ni jambo gani huyu bwana hawezi kufanyiwa? Na sauti ya wafokaji, yenye majigambo ya pakruok, ile desturi ya Wajaluo ya kujisifu hadharani penye muziki, ilimjibu bila kamusi.

Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba si kila mfokaji wa lugha mbili hufanya hivi, nikawapa mfano wa ng'ambo. Mellow Man Ace alizaliwa Cuba, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akakulia kando ya Los Angeles. Wimbo wake Mentirosa, yaani mwongo wa kike, ulifika nafasi ya 14 katika chati ya nyimbo za Marekani mwaka 1990, na ulikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za kufoka zenye Kihispania kufika juu kiasi hicho. Yeye hupokezana: kipande Kiingereza, kipande Kihispania, kama watu wawili wakirushiana mpira. Lugha zinakaa jirani, kila moja na ua wake. Ni ustadi, nami naupenda. Wale wetu wawili, hata hivyo, waliubomoa ua katikati ya neno.

Sasa msomaji ataniuliza, Kwale imeingiaje katika kisa cha Wajaluo wawili wa Nairobi? Imeingia kwa mlango wa huzuni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na kwa majuma kadhaa baadaye vibanda na nyumba za watu wa bara zikachomwa, kuanzia Likoni hadi huku kwetu Diani na Ukunda. Vijana wengi walioshiriki walikuwa wamelishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, nayo Tume ya Akiwumi ilisikiliza baadaye ushahidi mrefu juu ya wanasiasa waliokuwa nyuma yao. Watu zaidi ya 100 waliuawa, maelfu wakakimbia. Miongoni mwa waliokimbia walikuwa Wajaluo. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari. Jirani yetu, mshona viatu ambaye alikuwa akinifundisha kuhesabu kwa Kijaluo, aliondoka alfajiri na cherehani yake kwenye mkokoteni, na hakurudi. Kwa muda fulani baada ya hapo, kusikika ukisema Kijaluo katika gari la Likoni kulikuwa ni kujitafutia balaa.

Miaka mitano ikapita. Desemba 2002, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizo, nilipanda matatu kivukoni Likoni kuelekea Ukunda. Redio ilikuwa ikiimba wimbo huo kwa sauti ya kupasua masikio. Muungano wa NARC ulikuwa umeuchukua ukaufanya wimbo wa mikutano yake, ijapokuwa haukutungwa kwa ajili ya muungano huo, na baadhi ya beti zake zinawataja kwa majina wanasiasa wa Nyanza. Makanga alikuwa Mdigo, kijana wa rika langu. Akajitupa mlangoni, akapiga bati na kupiga kelele: "Hatubwogeki!"

Nilishuka Ukunda nikiwa na neno hilo moja kama mtu aliyeokota johari. Litazame. Makanga yule hakuridhika kuazima. Aliling'oa Kiingereza chote, mbele na nyuma, akaubakiza mzizi wa Kijaluo, akauvika viambishi vya Kiswahili: ha-tu-bwog-ek-i. Tena akachagua -ek-, hakuchagua -ik-. Sarufi ya Kiswahili inataka mzizi wenye a, i au u ufuatwe na -ik-, kama tishika na pitika, na wenye e au o ufuatwe na -ek-, kama someka na sogeleka. Hakuna aliyemfundisha. Mzizi wa kigeni uliingia katika kinywa chake saa hiyo hiyo ukapewa uraia kamili, na kanuni zake zote. Watu waliokuwa wamewafukuza wenye lugha sasa walikuwa wakiinyambua lugha yao. Tarehe 27 Desemba Wakenya wakapiga kura, Mwai Kibaki akapata takriban asilimia 62, na utawala wa miaka 24 wa Daniel arap Moi ukafika mwisho.

Sitaki kuifanya hadithi hii tamu kuliko ilivyokuwa. Neno halikumrudisha mshona viatu. Na baada ya kura ya Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipouawa nchini, baadhi ya vituo vya redio vinavyotangaza kwa lugha za kiasili vililaumiwa kwa kuchochea chuki. Mtangazaji mmoja alifika hadi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, kabla ya kesi yake kufutwa mwaka 2016. Tangu hapo, nikitetea lugha za mama mbele ya walimu, kila mara kuna mmoja anayeinua mkono na kunikumbusha mwaka 2008. Ana haki ya kunikumbusha. Jibu langu ni kwamba Likoni 1997 palichochewa kwa Kiswahili kizuri, tena vipeperushi vilivyowataka wabara waondoke vilisomeka na kila mtu.

Wawili hao hawakufoka pamoja milele. Kila mmoja alishika njia yake, na Gidi ndiye aliyesikika zaidi huku pwani baadaye, kwa namna ambayo mwanaisimu hawezi kuipita bila tabasamu. Akawa mtangazaji wa asubuhi wa Radio Jambo, pamoja na Jacob "Ghost" Mulee aliyewahi kuifundisha Harambee Stars, akipatanisha kwa njia ya simu wanandoa waliogombana, katika kipindi cha Patanisho. Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Nimekaa katika matatu za Diani nikiwasikia akina mama wa Kidigo wakibishana na redio yake, wakimwambia amwache yule mwanamume aende zake. Mtu yule yule aliyekifanya Kiingereza hamali wa Kijaluo alikuwa sasa ameshikilia Kiswahili kama bakora yake mwenyewe. Sijui ni wangapi kati yao waliokumbuka kuwa ndiye Gidi Gidi.

Nirudi darasani Msambweni. Baada ya kulichambua neno, niliwaomba wanafunzi wabuni lao kwa kiunzi kile kile, ila mzizi uwe wa nyumbani. Kimya kikatanda. Mwishowe msichana mmoja akaja ubaoni akaandika: unogophable. Ogopha ni kuogopa kwa Kidigo, na ile ph si p wala f, ni sauti inayotolewa kwa midomo miwili kama mtu apulizaye chai. Darasa likaangua kicheko. Msichana akashika chaki yake, uso chini.

Nikawauliza kwa nini hawakucheka nilipoandika la Kijaluo. Hakuna aliyejibu, nami nililijua jibu, kwa kuwa nililivaa shingoni. Nikiwa shule ya msingi tulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kidigo alikivaa mpaka amnase mwenzake, na aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Nimelala nacho mara nyingi. Ubao ule ulishakwisha kuni zamani, lakini kicheko kimerithiwa na watoto ambao hawajauona. Kidigo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, wa kundi la Sabaki. Kidigo kina kamusi iliyochapwa mwaka 2004. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Kicheko hakijasoma katiba.

Mwalimu wao alinishika mkono tulipotoka. "Daktari," akaniambia kwa upole, "mimi mwenyewe ni Mdigo. Lakini hawa wakiniandikia hivyo katika insha, mtahini wa Nairobi atawapa nini?" Nilimwambia ukweli, kwamba atawakata alama, na kwamba mimi mwenyewe ningewakata, kwa maana mfokaji yule alijua vema mahali Kiingereza kinapoishia kabla ya kukibebesha mzigo, na mwanafunzi hana budi kujua pia. Tukakubaliana juu ya hilo. Hatukukubaliana juu ya msichana: yeye aliona ni heri lile neno lifutwe kabla ya somo la hesabu, nami nikamwomba aliache hadi jioni.

Uani, wavulana wawili walikuwa wakibishana kama kwa mtindo wa yule makanga mtu angesema "siogopheki", au kama hapo tayari kimekuwa Kiswahili na Kidigo kingetaka kitu kingine. Walinigeukia mimi. Nikasema sina hakika. Mmoja wao akasema basi, Ijumaa anakwenda Lunga Lunga, atamuuliza bibi yake.