Mgeni Aliyekabidhiwa Chuo: Safari ya Vartan Gregorian

Muhula uliopita, katika darasa letu la mwaka wa kwanza, mwanafunzi mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka alikataa kusoma kwa sauti kifungu alichopangiwa. Juma lililotangulia wenzake walikuwa wamecheka matamshi yake, naye akaamua kunyamaza mpaka atakapomaliza chuo. Tulipomwita ofisini alituuliza: mtu mwenye lafudhi kama yake atawezaje kuwa mwalimu, sembuse kiongozi wa walimu? Siku ile tulimpa nasaha za kawaida, naye akaondoka bila kuridhika. Makala haya ni jibu letu la pili. Tumeona ni heri tumsimulie, yeye na wenzake, maisha ya mtu mmoja aliyeanzia ugenini.

Mtu huyo ni Vartan Gregorian, Mwarmenia aliyezaliwa Tabriz, kaskazini-magharibi mwa Iran, mwaka 1934. Mwaka 1989 alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani.

Rais wa chuo ni nani?

Kabla ya kuendelea, inafaa tufafanue cheo chenyewe, kwani kinawachanganya wasomaji wengi wa huku kwetu. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, Mkuu wa Chuo huwa ni mtu wa heshima anayetunuku shahada siku ya mahafali, na kazi ya kila siku huifanya Makamu Mkuu wa Chuo. Huko Marekani, anayefanya kazi hiyo ya Makamu Mkuu kwa kawaida huitwa rais. Huajiriwa na bodi ya wadhamini, husimamia wahadhiri na bajeti, na sehemu kubwa ya muda wake huitumia kutafuta fedha. Chini yake yupo msimamizi mkuu wa taaluma, na chini ya huyo wapo wakuu wa vitivo. Kwa hiyo mhadhiri anayepanda ngazi hiyo hupita kwenye vidato vinavyofanana sana na vyetu.

Kutoka Tabriz hadi Beirut

Mama yake alifariki Vartan akiwa na umri wa miaka sita. Alilelewa na bibi yake, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, lakini mwenye hazina kubwa ya methali na hadithi. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi watamtambua bibi huyo mara moja.

Waarmenia wa Tabriz walikuwa Wakristo wachache katika mji wa Waislamu. Nyumbani walizungumza Kiarmenia, sokoni Kituruki cha Azerbaijan, na Kiajemi kilikuwa lugha ya serikali. Mtoto wa hapo alijifunza mapema kubadili lugha kulingana na mlango aliobisha. Jumuiya hiyo ilikuwa na maktaba yake ndogo, na Vartan alisaidia kazi humo, akawa anasoma kila alichopata.

Akiwa kijana wa miaka 15 hivi alishawishiwa na afisa mmoja wa ubalozi mdogo wa Ufaransa aende kusoma Beirut, Lebanoni. Aliondoka na fedha kidogo mno. Chuo cha Waarmenia alichokwenda kilifundisha kwa Kifaransa, lugha ambayo hakuijua. Hapo alisaidiwa na mkuu wa chuo, Simon Vratzian, aliyekuwa waziri mkuu wa mwisho wa Jamhuri ya Armenia iliyoanguka mwaka 1920. Vratzian mwenyewe alikuwa mkimbizi, naye alijua maana ya kuanza upya.

Mwaka 1956 Gregorian alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa njiani, huko New York, aliipoteza tiketi yake ya ndege. Mfanyakazi wa uwanja alimsikiliza, akamwamini, akamruhusu kusafiri. Tunaitaja habari hii ndogo kwa sababu tutairudia.

Mwalimu kwanza

Stanford alimaliza shahada ya kwanza kwa miaka miwili, akapata shahada ya uzamivu katika historia mwaka 1964. Utafiti wake kuhusu Afghanistan ulizaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1969. Angalia, ndugu msomaji, jinsi lugha za utotoni zilivyogeuka mtaji. Mtafiti aliyekulia Tabriz hakuhitaji kuanza Kiajemi kwa alifu.

Alifundisha California, kisha Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1969 alipewa tuzo ya kitaifa ya ualimu bora ya wakfu wa Danforth. Mwaka 1972 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Miaka miwili baadaye akawa mkuu wa kwanza wa kitivo kipya cha sanaa na sayansi, na mwaka 1978 akawa msimamizi mkuu wa taaluma wa chuo kizima.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1980 kiti cha rais wa Pennsylvania kilikuwa wazi. Wahadhiri na wanafunzi wengi walitarajia kwamba atakikalia yeye. Alikuwa amekwisha kukataa uongozi wa chuo cha Berkeley ili abaki hapo. Bodi ikamchagua mtu mwingine. Gregorian alijiuzulu.

Hapa ndipo wengi wangerudi darasani kimya kimya. Yeye mwaka 1981 alikubali kuongoza Maktaba ya Umma ya New York, iliyokuwa hoi tangu jiji hilo lilipokumbwa na msukosuko wa fedha miaka ya 1970. Saa za huduma zilikuwa zimepunguzwa na majengo yamechakaa. Kwa miaka minane aliwaendea matajiri, madiwani na wasomaji wa kawaida, kila mmoja kwa lugha aliyoielewa, na maktaba ikapata zaidi ya dola milioni 300 kutoka serikalini na kwa watu binafsi. Kijana wa maktaba ndogo ya Tabriz alikuwa amefufua mojawapo ya maktaba kubwa duniani.

Brown, na baada ya Brown

Kwa kazi hiyo vyuo vilimkumbuka. Brown, chuo kilichoanzishwa mwaka 1764 katika jimbo la Rhode Island, kilimchukua mwaka 1989 awe rais wake wa 16. Alikaa hadi mwaka 1997. Kampeni aliyoiongoza ilikusanya zaidi ya dola milioni 500, na wahadhiri wengi wapya waliajiriwa. Pamoja na shughuli zote hizo hakuacha kufundisha: aliendesha semina za historia, zikiwamo za wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kisha alipewa uongozi wa shirika la Carnegie la New York, lililoanzishwa mwaka 1911 na mhamiaji mwingine, Andrew Carnegie kutoka Uskoti. Hapo ndipo maisha yake yanapotugusa sisi. Mwaka 2000 Carnegie na mashirika mengine matatu yalianzisha ubia wa kusaidia vyuo vikuu vya Afrika, uliodumu miaka kumi na kuzifikia Uganda, Kenya na Tanzania miongoni mwa nchi nyingine. Wasichana wengi wenye uhitaji walisomeshwa Makerere kwa fedha za Carnegie. Gregorian aliliongoza shirika hilo hadi alipofariki Aprili 2021, akiwa na miaka 87. Lafudhi yake ya Kiarmenia aliondoka nayo.

Tunajifunza nini?

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaifundisha kwa upande mmoja, yaani mgeni huleta heri. Maisha ya Gregorian yanatuonyesha upande wa pili: ili mwenyeji apone, sharti kwanza afungue mlango. Afisa wa ubalozi, Vratzian, na yule mfanyakazi wa uwanja wa ndege walifungua. Angekosa mmoja wao, Brown isingempata rais wake, na huenda msichana fulani wa Makerere asingepata karo.

Idara yetu inapokea wanafunzi waliokulia katika Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Juba na cha kambini. Wengine wamekisikia kwa mara ya kwanza shuleni. Kucheka matamshi ya mwenzetu ni kumfungia mlango mtu ambaye huenda kesho atakuwa mwalimu wa watoto wetu. Kurekebisha matamshi ni kazi yetu wahadhiri, na tutaifanya kwa kumfundisha, wala si kwa kumwaibisha. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kuanzia muhula huu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasoma kwa sauti mara moja kwa juma, na darasa litasikiliza mpaka amalize.

Mwanafunzi wetu alisoma juma lililopita. Sauti ilikuwa ndogo, na neno moja lilimkwama mara mbili. Alifika mwisho wa kifungu, akakaa.