Msimamizi wa Zamu katika Kiwanda cha Chai

Katika vijiji vinavyouzunguka mji mdogo wa Sosiot, kama ilivyo kwingineko Kericho na Bomet nchini Kenya, mkulima mdogo huchuma majani mawili na chipukizi kuanzia asubuhi, huyapeleka kwenye kituo cha ununuzi, nayo malori huyafikisha kiwandani mchana na jioni. Kwa sababu hiyo kiwanda cha chai hakilali, na usiku kucha dhamana ya watu, mitambo na mazao ya maelfu ya kaya huwa mikononi mwa msimamizi wa zamu.

Ugumu wa kazi hiyo unatokana na hali ya malighafi yenyewe, kwa kuwa jani lililochumwa bado linapumua na kutoa joto, na likirundikwa bila hewa huwa jekundu na kuharibika kabla halijaguswa na mashine. Hatua ya kwanza ni kunyausha, yaani kuyatandaza majani juu ya vitanda virefu vya wavu vinavyopulizwa hewa na feni kutoka chini, hadi yapungue maji na kulainika, jambo linaloweza kuchukua saa 12 hadi 18. Maana yake ni kwamba majani yaliyopokewa na zamu moja mara nyingi hukatwa na zamu nyingine. Hakuna zamu inayotengeneza chai peke yake.

Baada ya kunyaushwa, majani hupitishwa katika mtambo wa kukata, kurarua na kuviringa, uliobuniwa Assam nchini India mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kisha huchachushwa, yaani huachwa yakutane na oksijeni kwa muda wa saa moja hadi mbili hivi, na hapo ndipo rangi ya kijani hugeuka kuwa ya shaba na ladha ya chai nyeusi hujengeka, kabla ya mvuke wa boila kupasha moto hewa ya kikaushio inayosimamisha mabadiliko hayo na kuishusha chai hadi kiasi cha asilimia 3 ya unyevu. Hapa ndipo umahiri wa msimamizi hupimwa kwa kweli. Kuni za boila zikiwa mbichi, mvuke hupungua na kikaushio hupunguza kasi. Msimamizi asiyeelewa huendelea kukata ili atimize kilo alizopangiwa, na majani yanayongoja zamu yao ya kukaushwa huchachuka kupita kiasi na kupoteza mng'ao, ilhali msimamizi mzoefu husimamisha mashine za kukata kwanza, ndipo ashughulikie boila.

Kutokana na hayo, makabidhiano ya zamu yanastahili uzito zaidi kuliko yanavyopewa mara nyingi. Daftari la zamu linapaswa kueleza ni kitanda kipi kilijazwa saa ngapi, roli zipi za mtambo wa kukata zimeanza kuwa butu, na kinga gani ya mashine imelegea, kwa kuwa roli zinazokata majani hukata vidole vilevile, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuulinda usalama wa kila mfanyakazi. Fundi aliyechoka saa kumi za alfajiri hawezi kukisia kilichoachwa bila kuandikwa.

Kilo moja ya chai iliyokaushwa huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, na bei yake katika mnada wa Mombasa hufuata ubora ambao wanunuzi huutambua kwa kuonja. Kosa la saa moja usiku hupunguza bonasi ya mkulima ambaye alichuma vizuri. Wakurugenzi wa kiwanda wanaochaguliwa na wakulima hawana budi, basi, kumpa msimamizi wa zamu mafunzo ya kutosha na mamlaka kamili ya kusimamisha mtambo saa yoyote, bila kungoja idhini ya mkubwa aliyelala nyumbani.