Kimea kwenye uji wa mtoto: faida zake na tahadhari

Mtoto akifikisha miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Hapa Mkiwa wengi huanza na uji wa mtama, uwele au ulezi. Lakini tumbo la mtoto ni dogo: uji mwepesi humjaza maji, na uji mzito humshinda kumeza. Hapo ndipo kimea kinaposaidia.

Nini hutokea mbegu inapoota?

Punje ni ghala la chakula cha mche. Ikilowa, hutoa vimeng'enya. Baadhi huvunja wanga kuwa sukari, ndiyo maana kimea kina utamu. Vingine huvunja protini kuwa asidi amino, vipande vidogo ambavyo mche hujengea mizizi na majani.

Ukitia unga wa kimea kwenye uji mzito, vimeng'enya vya wanga huendelea na kazi. Uji hulainika bila kuongezwa maji, na kikombe kilekile hubeba unga mwingi zaidi.

Tahadhari ya mtama

Mche wa mtama hutumia asidi amino moja, tairosini, kutengeneza kitu kinachotoa sianidi, sumu ileile ya mihogo michungu. Ndiyo maana mifugo ikila mtama mchanga inaweza kufa. Punje kavu ina kiasi kidogo sana, lakini chipukizi lina nyingi. Kwa mtoto, chagua kimea cha ulezi. Ukikosa, tumia cha mtama, ila ondoa machipukizi na mizizi yote.

Namna ya kutengeneza

1. Chagua nafaka safi ya chakula. Usitumie kamwe mbegu za kupanda zilizotiwa dawa au rangi.
2. Osha, loweka usiku mmoja, kisha mwaga maji.
3. Tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu, funika siku 2 hadi 3. Suuza kila siku.
4. Anika juani hadi ikauke kabisa.
5. Sugua kwa mikono, pepeta machipukizi na mizizi yatoke, kisha saga.

Ukiona ukungu au kusikia harufu mbaya, tupa yote. Usimpe hata kuku.

Kupika

Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, kwa sababu moto mkali huua vimeng'enya. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kikombe, koroga, subiri dakika chache ulainike. Urudishe jikoni uchemke tena vizuri ili kuua vijidudu.

Usisahau

Kimea hulainisha uji, hakiongezi protini. Mtama na ulezi vina upungufu wa lisini, asidi amino ambayo mtoto huihitaji ili akue. Ongeza maziwa, yai, dagaa waliosagwa, au maharage na choroko zilizoiva na kupondwa. Endelea kumnyonyesha, na umpeleke kliniki kupimwa uzito kila mwezi. Uzito usipoongezeka, mweleze muuguzi anachokula mtoto.