«Mita mujanja»: neno linapowatangulia mafundi

Niliitwa kusaidia tafsiri katika semina ndogo ya mafundi wa umeme hapa Bukavu. Mkufunzi alieleza kwa Kifaransa *compteur intelligent*, na kabla sijafungua mdomo fundi mmoja akawageukia wasaidizi wake: «Ni mita mujanja.» Chumba kizima kikacheka. Mujanja, kwa mtu wa Kadutu au Bagira, ni yule anayekuibia huku unamwangalia. Mafundi hao hao ndio watakaogonga mlango wa mteja ambaye tayari anashuku hesabu za umeme, na kumwambia kwamba mujanja anafungwa ukutani kwake.

Kitu chenyewe si kigumu. Mtandao wa zamani hupeleka umeme upande mmoja: mtambo, nyaya za msongo mkubwa, transfoma ya mtaa, nyumba. Habari hazirudi. Transfoma ikizidiwa, wa kwanza kujua ni jirani aliyeona cheche, na kampuni hujua akienda mtu kulalamika. Mtandao mpya huwekewa vipimo njiani. Mita hutuma hesabu yenyewe, transfoma hutoa taarifa ya joto lake kabla haijaungua, na swichi hutenga kipande kibovu ili mitaa mingine isizimike pamoja nacho.

Hapo semina ilikwama tena. Wengi waliamini kwamba mita ya kulipia kabla ndiyo hiyo hiyo. Siyo lazima. Ile ya kubonyeza tarakimu 20 hupokea namba kutoka mkononi mwa mteja, basi. Kampuni haipati jibu lolote. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, watu huiita Cash Power, jina la biashara lililogeuka nomino ya kawaida. Tanzania huiita LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Hili la pili nalipenda: mteja akilifumbua tu, ameshaelezwa jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Watanzania wana jingine. Mahali ambapo msongo hushushwa wanapaita kituo cha kupoza umeme. Hakuna kinachopozwa pale kama chai, lakini fundi na bibi yake wote wanaelewa kwamba kitu kikali kinatulizwa kabla ya kuingia mtaani. Na «umeme» wenyewe ulikuwa radi ya mawinguni kabla haujawa wa ukutani. Kiswahili hakiogopi ufundi. Kinachotakiwa ni kuchagua sifa ya kitu iliyo ya kweli.

Je, sifa ya kweli ya mtandao huu ni akili? Kifaransa kinasema hivyo, na Kiswahili cha pwani kimekubali «janja» tangu «simu janja». Mimi nadhani tunayo njia bora ndani ya kitenzi. Mtandao wa zamani huletewa na hupelekewa. Mpya *hupashana*: kiambishi -an- kinabeba lile lile ambalo mkufunzi alilichorea mishale miwili ubaoni. Nilifikiria kwanza «mtandao unaojibizana», nikaacha, maana watu wanaojibizana wako karibu kugombana. «Mita ya kupashana habari» ni ndefu, nakubali. Lakini haimtukani mtu, na haimchanganyi mteja na ile ya tarakimu 20.

Jambo hili si la mita za nyumbani tu. Ruzizi I, yenye karibu megawati 30, inafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989 na yenye karibu megawati 44, ni ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja kupitia SINELAC. Katika mitandao iliyounganishwa, mzigo ukipanda ghafla upande mmoja bila mitambo kuongeza nguvu, masafa hushuka chini ya hezi 50 kwa wote. Kupashana habari mapema ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya mapumziko nilimwomba yule fundi amweleze mwenzake upya, kama vile anaongea na mama mwenye nyumba. Akafikiri kidogo. «Mama, hii mita inaongea na ofisi, na ofisi inaijibu.» Mwenzake, akiigiza mama, akauliza: «Na mimi, nikiwa na swali, itanijibu?»

Mkufunzi aliomba atafsiriwe swali hilo. Lilichukua muda uliobaki wote.