Mkono wa maiti ndani ya beseni la juisi!

Leo nakupeleka Maramba, kule Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Wengi mnaijua kwa kambi ya JKT tu. Basi bwana, Disemba iliyopita binamu yangu alitimiza miaka 22 akatangaza pati: asiyevaa kitu cha kutisha haingii! Mambo ya Halloween hayo, ambayo Wamarekani huyafanya Oktoba 31. Sisi tuliyasogeza mpaka msimu wa shokishoki, na utaona kwa nini.

Kazi ya kinywaji nikatupiwa mimi. Nyumba ni ya Bibi, kwa hiyo pombe marufuku. Damu nikaitafuta kwenye rozela, ile ambayo wengine wanaiita choya. Kwa watu 20 nilichemsha vikombe viwili vya rozela kavu na tangawizi iliyopondwa katika lita tatu za maji, nikachuja, nikatia sukari. Ikishapoa unaongeza juisi ya machungwa 20 na nanasi moja. Usiiache ilale kwenye sufuria ya alumini, maana uchachu wake hula chuma. Mimina kwenye ndoo safi ya plastiki.

Sasa mkono. Nunua glavu mpya zisizo na unga, zioshe ndani, jaza rozela iliyopoa, funga kama puto, laza kwenye sinia ndani ya friza usiku kucha. Asubuhi unachana glavu kwa mkasi, taratibu, vidole visivunjike. Changu kimoja kilivunjika, na kingine kikayeyuka umeme ulipokatika saa nne nzima. Nikabaki na mkono wa vidole vitatu. We acha tu, ulitisha kuliko ule niliokuwa nimeupanga!

Macho ndiyo shokishoki. Menya, toa kokwa, pachika zabibu kavu kwenye tundu, tupia juu ya juisi. Yanaelea yakikukodolea.

Mshkaji mmoja kutoka Dar akataka tutie barafu kavu ili beseni lifuke moshi kama sinema. Nikamkatalia katakata. Ile si maji, ni hewa ya kaboni iliyogandishwa, baridi yake nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukimeza kipande kinakuunguza koo na tumbo. Moshi wa kazi gani?

Saa mbili usiku wageni wamejaa, maiti, majini, kila aina. Mwenye pati akatokea na mabawa meusi mgongoni, amejipaka masizi usoni. "Popobawa!" watu wakapiga kelele, vicheko. Nikageuka nikamwona Bibi mlangoni, kanga kaishika kifuani. Hakucheka. Akarudi ndani.

Hapo nikakumbuka. Bibi ni mzaliwa wa Wete, na mwaka 1995 alikuwa Pemba akimuuguza dada yake. Huo ndio mwaka ambao hofu ya Popobawa iliikumba Pemba, ikavuka Unguja mpaka Dar; watu walikesha nje kwa makundi, wamewasha moto, wakiogopa kulala vyumbani. Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Kwetu ni katuni.

Nikamfuata na glasi. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, mimi nililala uwanjani na mgonjwa, mvua inatunyea. Nyie mnacheka."

Nikakosa la kusema. Binamu naye akaingia, masizi keshayafuta kwa fulana, akapiga magoti. "Nisamehe Bibi, sikujua."

Bibi akamtazama kwa muda. Akaionja juisi. Akasema tangawizi haitoshi, na yeye apewe ya kwenye ndoo, si ile yenye mkono. Nikashusha pumzi. Ndipo macho yake yakatua kwenye yale mabawa, akayavuta karibu na taa, akashika kijiti kimoja.

"Haya, na huu mwavuli wangu nani kaukata?"