Skrini Moja, Simu Mbili

Hatimaye gari limefika. IST, Passo, Spacio, vyovyote mfuko wenu ulivyoruhusu. Limevuka bahari kutoka Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likala lami ya Dodoma, Singida na Nzega mpaka Tabora. Shemeji ameshaomba lifti, mama mkwe ameshaliombea dua. Jumatatu asubuhi unawasha redio uelekee kazini Isikizya, na dada wa ndani ya redio anakusalimia kwa Kijapani. Ana adabu sana yule dada, tatizo humwelewi hata neno moja. Ukibonyeza ramani, unaoneshwa mitaa ya Osaka.

Halafu unatafuta stesheni yako ya kila siku na huipati. Usimlaumu mtangazaji. Kule Japani FM ilipangwa kuanzia megahezi 76 mpaka 90, baadaye wakasogeza mpaka 95. Sisi huku tunatumia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani inanasa zile stesheni za mwanzo wa namba tu, zilizobaki ni mkoromo. Kipo kidude cha kuongeza bendi, mafundi wanacho, ila kinasogeza namba, na utabaki unapiga hesabu za kutoa kila unapotaka kusikiliza taarifa ya habari. Tena redio nyingi za Toyota za miaka ya karibuni zina kisirani: betri ikichomolewa tu, zinajifunga na kudai namba ya siri, nayo maelezo yake ni kwa lugha ileile ya dada yetu.

Ndiyo maana vijana wengi wanakimbilia redio ya Android. Kwa lugha nyepesi ni simu kubwa iliyochomekwa kwenye dashibodi: ina ramani, muziki, video, kamera ya nyuma na kioo cha kugusa cha inchi 9 au 10. Gari la miaka mingi linaonekana kama limezaliwa jana. Bomba, hakuna ubishi. Lakini kabla hujatuma pesa Kariakoo, keti na mwenzako kwanza, kwa sababu kitu hiki kinaweza kuwaacha barabarani usiku, na kinaweza kuwagombanisha sebuleni. Yote mawili yanazuilika.

USINUNUE KWA MACHO

Anza na shimo. Redio ya kawaida ya dunia ina upana wa milimita 178 na kimo cha 100. Toyota nyingi za Kijapani zina shimo la milimita 200 kwa 100. Ukichomeka redio ya 178 humo, inabaki mianya pembeni kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Unahitaji fremu, na hizi redio za inchi 9 na 10 fremu zake ni za gari maalumu. Ya IST ya zamani haikai kwenye IST mpya. Mtajie muuzaji jina la gari na mwaka lilipotengenezwa, na umkumbushe kwamba usukani wetu uko kulia. Fremu nyingine zimetengenezewa nchi ambazo usukani uko kushoto, na kwenye dashibodi yako hazitakaa hata ukizibembeleza.

La pili ni kumbukumbu. Giga 1 ya RAM ni kujitafutia presha: unagusa ramani, inafikiri, inafikiri tena, umeshapita kona. Mimi chini ya giga 2 sinunui, na mwenye uwezo achukue 4. Yale maandishi ya kwenye boksi usiyaabudu, wala ukurasa wa mipangilio unaojitaja kuwa ni Android ya juu kabisa, maana kuna wanaoubadilisha ukurasa huo ili useme wanachotaka wao. Jaribio ni moja. Dukani, kabla ya kulipa, mwambie awashe. Fungua ramani, weka muziki, rudi kwenye redio, rudi kwenye ramani. Ikigandaganda hapo kwenye kiyoyozi, huku kwenye jua la Tabora itazimia kabisa. Kama unaagiza kwa simu na mzigo unakuja kwa basi, omba muuzaji akurekodie video ya jaribio hilohilo, jina lako likiwa kwenye karatasi mbele ya kioo.

La tatu wengi wanalipuuza. Uliza kama ina CarPlay na Android Auto. CarPlay ilianza mwaka 2014 na Android Auto mwaka 2015. Kazi yake ni kuifanya simu yako ijitokeze kwenye kioo cha gari, na ubongo unaofanya kazi ni wa simu. Ukishuka na simu yako, umeshuka na mambo yako. Litunze hilo, tutalirudia.

NJANO, NYEKUNDU, NYEUSI

Katika njia hii ya zamani ya misafara, waya ulikuwa mali. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba masango, yale mafundo ya waya wa shaba, pamoja na shanga na vitambaa, na mtu alilipa kwayo chakula na hongo ya kupita. Leo fundi wako anashika waya tatu tu zenye thamani, na ndizo za kumkazia macho.

Njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, usiokatika. Kazi yake ni kutunza saa, stesheni na mipangilio. Nyekundu ni umeme wa swichi: unakuja ukizungusha ufunguo, unakatika ukizima. Ndiyo inayoiambia redio iamke au ilale. Nyeusi ni athi, inakwenda kwenye bodi. Kwenye njano lazima kuwe na fyuzi. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa chuma, kinachoungua si redio peke yake.

Sasa njia ya mkato iko hapa. Fundi mwenye haraka anachukua njano na nyekundu, anazisokota pamoja, anafunga tepu. Redio inawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, na mteja anafurahi kwamba anasikiliza muziki gari likiwa limezimwa. Kumbe redio hailali. Inanyonya betri usiku na mchana. Gari unaliegesha Ijumaa, Jumatatu limekufa. Au linakufa jioni pale ofisini Isikizya, wenzako wote wameshaondoka, mwenzi wako anakusubiri Tabora mjini na mtoto amelala begani, na simu nayo ina asilimia 3. Wanandoa wangapi wamenuniana wiki nzima kwa sababu ya waya mbili zilizosokotwa? Maana maelezo ya "betri ilikufa" saa tatu usiku hayajawahi kuaminika kirahisi.

Kwa hiyo fundi akimaliza, usimlipe kwanza. Zima gari, chomoa ufunguo, fungua mlango na uufunge, subiri. Kioo kizime na vitufe vizime. Kisha mwombe aweke mita kwenye nguzo hasi ya betri, gari likiwa limetulia kwa muda. Gari zima likilala linatakiwa kula chini ya miliampea 50. Fundi anayekasirika ukimwomba mita, si fundi wako.

Vilevile usikubali kukatiwa soketi za gari. Zipo nyaya zenye soketi za Toyota, ya pini 10 na ya pini 6, unachomeka tu. Siku ukiuza gari au redio ikifa, unarudisha ya zamani bila kushika koleo. Na kabla ya chochote, nguzo hasi ya betri ichomolewe, na waya zenye ganda la njano zinazokwenda kwenye mifuko ya hewa zisiguswe na mtu.

Bluu ni ya antena. Magari mengi yana kikuza mawimbi kidogo kwenye antena, na hicho kinahitaji umeme. Bluu isipoungwa, mjini utasikia vizuri kwa sababu mnara uko karibu, ukitoka kuelekea Isikizya sauti inaanza kukwaruza. Watu wanarudisha redio dukani wakidhani ni feki, kumbe ni waya mmoja. Pia ingia kwenye mipangilio ya redio, badilisha eneo kutoka China au Japani uweke Ulaya, ndipo namba zifike 108. Kwenye redio nyingi menyu hiyo ya kiwandani inadai namba ya siri, mara nyingi 8888. Muulize muuzaji, usibahatishe.

Kamera ya nyuma inakula umeme wa taa ya rivasi, na lazima waya wa kuiamsha redio uungwe pia, vinginevyo utarudi nyuma ukitazama picha ya msanii wako. Kuna na waya wa handbreki, ambao kazi yake ni kuzuia video wakati gari linatembea. Mafundi wengi wanauunga kwenye athi ili video icheze muda wote, na wateja ndio wanaoomba. Mimi nasema uache ufanye kazi yake. Barabara ya Nzega ina baiskeli za mkaa, ina ng'ombe, ina watoto wa shule. Tamthilia utaikuta nyumbani.

RAMANI HAILI BANDO

Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni, wakaingia Kazeh, hapa Tabora, mwezi Novemba. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera yake, na wapagazi walimfuata yeye. Kirangozi wako wa leo ni antena ndogo nyeusi ya GPS, yenye ukubwa wa kiberiti. Fundi mvivu anaizika nyuma ya redio, katikati ya vyuma, halafu ramani inakuonesha uko porini wakati uko kwenye lami. Iwekwe juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Maikrofoni nayo isogezwe juu, karibu na kinywa cha dereva.

Ishara ya setilaiti ni bure. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, nayo unaweza kuipakua mapema ukiwa kwenye mtandao mzuri: kwenye Google Maps chagua Tabora, Uyui, Nzega na Sikonge, uhifadhi. Ukiingia kwenye miombo ambako mtandao unakatika, ramani inabaki. Badilisha na saa, maana nyingi zinakuja na saa za China, na lugha uweke Kiswahili kama unapenda. Mwagane na yule dada kwa heri.

GARI LINAJUA MENGI

Sasa mambo ya sebuleni. Ukiunganisha simu kwa Bluetooth, redio inaomba kuchukua majina yote ya kwenye simu na orodha ya waliopiga. Watu wanabonyeza "kubali" bila kusoma. Kuanzia hapo, akipiga mtu, jina linatokea kwa herufi kubwa kwenye inchi 9 na sauti inatoka kwenye spika nne. Bosi analalamika, mama mkwe yuko nyuma anasikia. Dada yako anaomba hela uliyomkatalia mkeo jana. Na wale waliomwandika mtu fulani "Fundi Bomba," fundi bomba anapiga saa nne usiku kuuliza kama umefika salama.

Kuna jingine la kuchekesha kidogo. Bluetooth inafika mita 10 hivi. Mke yuko jikoni anaongea na rafiki yake, mume anawasha gari uani, gari linaikumbuka simu ya mke na kuyavuta mazungumzo. Ghafla mume anasikia habari zake mwenyewe kupitia spika. Hakuna aliyefanya ujasusi, ni mashine tu imefuata ilivyoagizwa.

Wapo wanaoona hii ndiyo dawa: weka redio, mkamate mtu. Sikubaliani. Anayefunga kifaa ili kumvizia mwenzake ana swali ambalo fundi umeme hawezi kulijibu, na ni nafuu kumuuliza mwenyewe. Wala kumficha mwenzako siyo ninachokitetea. Nazungumzia mipaka ya kawaida: simu ya shogake, ujumbe wa mgonjwa kwa daktari, mambo ya ofisi ambayo hata wewe hupaswi kuyasikia. Watu wawili wanaotumia gari moja wakubaliane kabla ya fundi kuondoka. Simu ya nani inajiunga yenyewe? Majina yachukuliwe au yasichukuliwe? Wote mkiwa ndani, nani anapokea?

Ushauri wangu: redio itumike kwa CarPlay au Android Auto, kila dereva na simu yake, na majina yasihifadhiwe kwenye redio. Kama mnahitaji akaunti ya Google ya kupakulia programu, fungueni mpya kwa ajili ya gari. Ukiweka ile yako ya kila siku, yeyote anayekaa kwenye usukani anaona ulichotafuta YouTube, sehemu ulizotafuta kwenye ramani, pengine na picha zako. Yeyote ni pamoja na muosha magari, shemeji wa lifti, na fundi uliyemwachia gari mchana kutwa. Nywila ya akaunti hiyo muijue wote wawili. Ile picha inayotokea redio ikiwaka, badala ya nembo ya kampuni mnaweza kuweka picha yenu ya harusi. Menyu ni ileile ya 8888.

Na siku mkiuza gari, kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo, ingieni kwenye mipangilio mfute kila kitu, redio irudi kama ilivyotoka kiwandani. Mnunuzi wa Nzega amelipia IST. Fundi Bomba hakuwemo kwenye mkataba.